Tiba Shufaa: Maumivu ya Mwili na Roho kutoka London hadi Kampala

Tiba shufaa, yaani huduma kwa mwenye ugonjwa mzito pamoja na familia yake, ilipata sura yake ya kisasa London katikati ya karne ya 20. Mwasisi wake, Cicely Saunders, alianza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, na mwaka 1957 akahitimu udaktari. Mwaka 1948 alikuwa akimtembelea David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Warsaw aliyekuwa akifa kwa saratani, hana jamaa karibu, akiona ameishi bure. Tasma alimwachia pauni 500 za dirisha la nyumba ya wagonjwa ambayo wawili hao walikuwa wakiiwaza. Nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa Sydenham mwaka 1967.

Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mama mwenye uvimbe huumwa mifupa, lakini usiku humkosesha usingizi pia ada ya watoto, ugomvi na ndugu usiosuluhishwa, na swali la kwa nini Mungu ameruhusu haya. Hata hivyo mwili ulitangulia. Morfini ya kunywa ilitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, kwa sababu anayepiga kelele za maumivu hawezi kuzungumza juu ya hofu yake wala kusali kwa utulivu.

Afrika ilipokea fikra hiyo mapema: Harare mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990. Ila Kampala ndiko ilikobadilishwa hasa. Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kufanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakati UKIMWI ukizijaza hospitali na kuziacha nyumba na yatima. Huduma hiyo haikujenga wodi. Wauguzi waliwafuata wagonjwa nyumbani, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: wengi walitaka kufia kwao, karibu na makaburi ya wazee, na familia nyingi zilijua kuwa kusafirisha maiti hadi kijijini ni ghali kuliko nauli ya mgonjwa aliye hai.

Morfini yenyewe ilitengenezwa kwa unga, maji na kihifadhi, ikatiwa rangi ili dawa za nguvu tofauti zisichanganywe. Bei yake ikawa ndogo. Kikwazo kilichobaki kilikuwa sheria iliyowanyima wauguzi ruhusa ya kuiandika, maana madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi havikuwa na hata mmoja. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa morfini. Haikuwa hatua ya dawa peke yake. Muuguzi aliyeketi mkekani na mgonjwa sasa aliweza kumtuliza maumivu, kisha akabaki kumsikiliza.

Katika mazungumzo hayo yalijitokeza mambo ambayo hospitali haikuwa na nafasi nayo. Familia ilimficha mgonjwa jina la ugonjwa ili asikate tamaa, naye alikuwa akilijua na kuwaficha wao. Kila mmoja akawa peke yake. Shirika la TASO la kuwasaidia wenye UKIMWI nchini Uganda, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, lilikuwa limeshaonyesha thamani ya ushauri nasaha. Katika miaka ya 1990 akina mama wenye VVU nchini Uganda walianza pia kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo, majina ya mababu, siku ya kuzaliwa, mambo ambayo mama alitamani mtoto ayajue. Kuandika kulimlazimu mzazi kusema ukweli nyumbani mapema, na mtoto akapata muda wa kuuliza. Mapadri, wachungaji na masheikh nao waliitwa, kwa imani ya mgonjwa mwenyewe na si ya muuguzi.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yote yaingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Nchi nyingi za Afrika bado hazina morfini ya kutosha, na maadamu hali ni hiyo, faraja inayotolewa kwa wagonjwa wao ni nusu ya ile wanayostahili.