Mguu wa Mpagazi: Mazoezi na Viatu katika Safari za Bara, Karne ya 19

Waandishi walioeleza safari za bara katika karne ya 19 wametuachia habari nyingi za pembe, nguo, shanga na bunduki. Bali habari za miguu iliyovichukua vitu hivyo ni chache, nazo hutajwa kwa kupita tu. Toka Bagamoyo mpaka Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na mpaka Ujiji ni zaidi ya 1,200. Katika njia hiyo gari halikuwapo, na punda waliojaribiwa walikufa wengi kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Karibu kila kitu kilikwenda juu ya bega au kichwa cha mtu. Yafaa basi tuulize: mpagazi aliupata wapi uwezo wa kwenda mwendo huo, na mara nyingi pasipo kiatu mguuni?

Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mwaka 1857 na kufika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, alikuwa na jibu jepesi. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 alisema ya kuwa Wanyamwezi ni wapagazi kwa silika, akawafananisha na watoto wa mbwa wa kuwindia, ambao hurithi kazi ya wazazi wao. Lakini katika maneno yayo hayo atuarifu kwamba mtoto wa miaka sita au saba hupewa pembe ndogo aichukue begani. Hapo Burton ajipinga mwenyewe. Kama uwezo huo ulikuwa wa kuzaliwa nao, pembe ile ndogo ilikuwa na kazi gani? Alichokiona kwa macho yake kilikuwa ni mafunzo, akakiita silika.

Ushahidi mwingine waelekea huko huko. Burton asema kwamba kijana asiyesafiri alidhihakiwa na wenzake kuwa akaa nyumbani kama kuku aatamiaye mayai. Alfred Swann, mmisionari aliyefika katika nchi hizi mwaka 1882, aliandika ya kuwa kwa Wanyamwezi kijana hakuruhusiwa kuoa kabla hajapeleka mzigo wa pembe pwani. Hata kama desturi hiyo haikushikwa sawasawa mahali pote, yaonyesha jinsi safari ilivyohesabiwa kuwa mlango wa utu uzima. Mtoto alianza na pembe ndogo, kisha mzigo ukaongezeka kadiri alivyokua, mpaka akafikia mzigo wa mtu mzima, ambao kwa kawaida haukuzidi frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya huo alichukua vitu vyake mwenyewe: ngozi ya kulalia, chungu na chakula.

Na safari yenyewe iliendeshwa kwa maarifa. Mtumba wa nguo ulifungwa pamoja na miti, ili mpagazi apumzikapo auegemeze kwenye mti, asipate taabu ya kuinama na kuuinua tena kutoka chini. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akitangulia, na mara nyingi ulipiga kambi kabla ya jua la adhuhuri. Siku ya kwanza mwendo ulikuwa mfupi mno. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, maili tatu na ushei tu. Mgeni aweza kudhani huo ni uvivu. Lakini mwendo mfupi ulikuwa na faida yake: mizigo iliyofungwa vibaya ilionekana mapema, kilichosahauliwa kilirudiwa, na miguu iliyokaa mjini ilianza kuzoea.

Tukija kwenye viatu, yatupasa kutofautisha mji na njia. Pwani watu walikuwa na makubadhi ya ngozi na mitalawanda ya mti, vyombo vya baraza na uani, visivyofaa mwendo wa miezi mitatu. Kiatu cha njia kilikuwa ndara ya ngozi mbichi, iliyofungwa kwa kanda. Iliufaa mguu penye miiba na mchanga wa moto. Lakini ngozi mbichi ikilowa hulainika na kuteleza, na ikikauka hukakamaa ikachubua mguu. Kwa hiyo katika matope na mito ilifaa kuvuliwa. Kwa wengi kinga ya kila siku ilikuwa ni ngozi ya unyayo wenyewe. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Kenya na wa Marekani, ukachapishwa mwaka 2019, umeonyesha kwamba sugu la unyayo hukinga mguu pasipo kuuondolea hisi ya ardhi. Basi mguu ulioandaliwa tangu utotoni ulikuwa kama kiatu.

Tulinganishe na mguu wa mgeni. Mapema mwaka 1872, Livingstone na Stanley walipokuwa wakitoka Tanganyika kwenda Unyanyembe, miguu ya Livingstone ilikuwa ikitoka damu. Alikuwa amevikatakata viatu vyake kwa kisu ili kuyapunguzia maumivu malengelenge, hata Stanley akaandika kwamba hapana mtu katika msafara wao ambaye angevikubali viatu vile, hata kwa kupewa bure. Wala Livingstone hakuwa mgeni wa kutembea. Alikuwa amezunguka Afrika kwa miaka mingi. Mguu wake ulilelewa ndani ya kiatu, na kiatu kilipoharibika, mguu nao ukashindwa.

Hata hivyo tusiusifu mguu mtupu kupita kiasi. Mwaka 1872 tekenya, ambaye wengine humwita funza, aliletwa na meli kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola. Katika muda wa miaka 20 na kitu akaivuka Afrika, akifuata njia za misafara, mpaka pwani ya mashariki. Njia ile ile iliyowalea wapagazi ikawaletea mdudu aingiaye katika vidole, na sugu lote halikutosha kumzuia.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya zamani ikaanza kufifia. Ndipo ikaja vita ya 1914 hata 1918. Watu wapatao milioni moja walichukuliwa upande wa Waingereza peke yake kubeba mizigo, wengi kwa nguvu, wengi wasiopata kamwe kuichukua pembe ile ndogo ya utotoni. Waliokufa wakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa maradhi na chakula kibaya. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam na Nairobi, ni ukumbusho wao. Waliowachukua walifikiri, kama Burton, ya kuwa kila Mwafrika amezaliwa mpagazi.

Kwa hiyo neno silika si kosa dogo la mwandishi mmoja. Lilimnyang'anya mpagazi heshima ya ufundi wake, na baadaye likawafanya wengine wadhani kwamba ufundi huo waweza kudaiwa kwa mtu yeyote. Mwanahistoria wa safari za bara hana budi kuuhesabu mwendo wa mpagazi pamoja na useremala, uhunzi na unahodha, yaani kazi zenye mwalimu, mwanafunzi na miaka ya kujifunza.