Nembo ya Ukoo na Deni la Mkuu

Katika nyumba za watu wengi wenye asili ya Uskoti, hata kule Kanada na Marekani, huonekana ukutani nembo iliyochongwa katika mbao, au kifuani beji ya fedha iliyotengenezwa kwa mkono. Katikati pana picha moja. Kuizunguka, mkanda wenye bizimu na maneno machache juu yake. Wenyewe husema: «Hii ndiyo nembo ya ukoo wetu.» Tuitafakari, maana historia yake inawahusu wakubwa na wadogo wa kila ukoo.

Kwa sheria ya Uskoti, picha ile ya katikati si mali ya ukoo wote; ni ya mkuu peke yake. Tangu mwaka 1672 nembo huandikwa katika daftari la serikali, na Mahakama ya Lord Lyon, iliyoko Edinburgh, ndiyo inayolisimamia. Mwanaukoo anaruhusiwa kuvaa picha ya mkuu wake, mradi izungukwe na ule mkanda. Mkanda unasema: mimi si mkuu, mimi ni mfuasi wake. Fundi anayeusahau anabadilisha maana yote.

Lakini jina la ukoo katika Kigaeli, lugha ya watu wa milimani na visiwani, ni «clann», maana yake watoto. Basi kwa desturi mkanda ulifunga pande mbili. Mtoto alimfuata mkuu vitani. Mkuu naye alimpa ulinzi na shamba la kulima. Hati za ardhi, hata hivyo, ziliandikwa kwa jina la mkuu.

Tarehe 16 Aprili 1746, jeshi la koo nyingi za milimani lilishindwa Culloden. Bunge likawanyang'anya wakuu mamlaka ya kurithi ya kuwahukumu watu wao, na likapiga marufuku mavazi ya milimani hadi mwaka 1782. Tangu hapo mkuu hakuhitaji tena askari, alihitaji kodi. Wakuu wengi waliona kwamba kondoo huleta faida kuliko watoto, wakaanza kuwahamisha watu wao.

Tutazame kisiwa cha Barra, ambacho wakaaji wake wengi ni Wakatoliki hata leo. Nembo ya mkuu wake, MacNeil, ni mwamba, na mbiu yake ni kushinda au kufa. Jenerali Roderick MacNeil alizama katika madeni, baada ya bei ya majivu ya mwani kuanguka, na kisiwa kikauzwa pamoja na watu wake juu yake. Mnunuzi, John Gordon wa Cluny, hakuwa wa ukoo wao. Ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kuanzia mwaka 1846, aliwaona wapangaji kuwa mzigo. Mwaka 1851 watu zaidi ya 1,500 wa Barra na wa South Uist walipelekwa Kanada kwa meli. Wengine walikamatwa kwa nguvu na kufungwa kamba. Hakukuwa na mkuu wa kuwatetea.

Mwaka 1937 Robert Lister Macneil, mbunifu wa majengo aliyezaliwa Marekani na kutambuliwa kuwa mkuu wa ukoo, alinunua tena sehemu kubwa ya Barra pamoja na Kisimul, ngome ya mababu iliyosimama baharini. Ngome ilikuwa gofu. Akaijenga upya kwa miaka mingi. Mwaka 2000 mwanawe aliikodisha kwa serikali ya Uskoti kwa miaka 1,000, kwa malipo ya pauni moja na chupa moja ya wiski kwa mwaka.

Kuta zilirudi. Waliopakiwa melini hawakurudi. Wajukuu wao ndio wanaochongesha mwamba ule na kuutundika ukutani ng'ambo ya bahari. Ni jambo la kustaajabisha: wafuasi walioachwa wameutunza mkanda kuliko mkuu aliyewauza.

Nasi tunaojivunia koo zetu tujiulize. Tunapodai heshima ya mkubwa, je, tumekumbuka kwamba bizimu ikifunguliwa upande mmoja, mkanda wote huanguka?