Meza Moja Kikuyu, 1913

Mama yangu ni Mwanglikana, baba Mpresbiteri, hivyo habari za Kikuyu mwaka 1913 nazisoma kama habari za nyumbani. Juni ile, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana kwenye misheni ya Waskoti, Thogoto, kupanga shirikisho. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana humo humo kanisani mwa Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawaka, akawashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Simdharau Weston; kwake uaskofu ulikuwa uti wa mgongo wa Kanisa. Lakini Peel ndiye aliyetenda haki. Shirikisho halikufaulu; badala yake, muungano mwepesi wa misheni hizo wa 1918 ndio uliozaa Alliance High School, 1926.