Jaribio la uhakiki wa fomu

Jaribio la uhakiki wa fomu ni programu fupi inayopima kama sehemu ya kujaza katika ukurasa wa wavuti inapokea taarifa sahihi na kukataa zenye kasoro. Hupimwa kijenzi kimoja cha ukurasa peke yake, bila seva wala hifadhidata, hivyo majibu hupatikana papo hapo.

Historia

Mtindo huu ulitokana na SUnit, zana ambayo Mmarekani Kent Beck aliitengenezea lugha ya Smalltalk. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wa Uswisi walianza kuandika JUnit, ya lugha ya Java, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Kwa lugha ya JavaScript zikafuata zana za Jasmine (2010), Jest ya Facebook (2014) na Testing Library (2018) ya Kent C. Dodds. Hii ya mwisho ilileta badiliko la busara: jaribio hutafuta sehemu kwa lebo anayoisoma mtumiaji, badala ya kuchungulia vigeu vya ndani ya kijenzi.

Utaratibu

Mfano mzuri ni sehemu ya namba ya simu ya Kenya. Jaribio huweka kijenzi ndani ya jsdom, kivinjari cha kuigiza kisicho na skrini, huandika 071234567, yenye tarakimu 9 tu, kisha hutoka kwenye sehemu hiyo. Ujumbe "Namba haijakamilika" sharti uonekane, na fomu isitumwe. Tarakimu ya 10 ikiongezwa, ujumbe sharti utoweke. Hatua hii ya kupima kutoweka kwa ujumbe husahauliwa mara nyingi.

Makosa mengi hujificha mipakani: sehemu tupu, nafasi tupu, tarakimu moja zaidi, +254 badala ya 0. Namba zinazoanza na 01 zilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, ruwaza (kielelezo cha kulinganisha namba) iliyotambua 07 pekee ilimkataa mteja halali, na jaribio lililonakili ruwaza hiyohiyo lingeendelea kupita. Ndiyo maana jaribio huandikwa kwa kufuata kanuni ya namba, si msimbo unaopimwa.

Uhakiki unaosubiri seva

Kwa kuwa jaribio halina seva, uhakiki wa aina hii hupimwa kwa jibu la kuigiza la seva.

Mipaka

jsdom haipangi ukurasa, hivyo haitambui ujumbe uliofunikwa na picha. Tena, anayetuma data moja kwa moja huukwepa uhakiki wote wa kivinjari. Seva lazima ikague upya.

Hali ya sasa

Vitest, zana nyingine ya majaribio ya JavaScript, ilitoka mwaka 2021. Karma, zana ya kuendesha majaribio iliyotumiwa na mfumo wa Angular kwa miaka mingi, ilitangazwa kusitishwa mwaka 2023.