Kikoa cha Fankisheni na Mabishano ya Logarithimu

Mwanafunzi wa aljebra huagizwa atafute kwanza kikoa cha fankisheni, yaani jumla ya namba ambazo fankisheni hiyo yaweza kuzipokea. Katika namba halisi hufundishwa kwamba asili ya sehemu isiwe sifuri, namba iliyo ndani ya kipeuo cha pili isiwe hasi, na namba inayotafutiwa logarithimu iwe chanya. Makatazo hayo huonekana kama adabu za darasani tu. Lakini la mwisho liliwatenga mabingwa wawili wa hesabu.

Katika barua zao za mwaka 1712 na 1713, Leibniz na Johann Bernoulli walishindana juu ya logarithimu za namba hasi. Bernoulli alidai kwamba logarithimu ya -x ni sawa na ile ya x. Hoja yake ilikuwa hii: ongezeko dogo la logarithimu ni uwiano wa ongezeko dogo la namba kwa namba yenyewe, na ukizigeuza alama za vyote viwili uwiano haubadiliki. Leibniz alikataa, akisema kanuni hiyo yafaa kwa namba chanya tu. Kwa maneno mengine, Bernoulli aliiangalia kanuni. Leibniz aliuliza mipaka yake.

Barua hizo zilipigwa chapa mwaka 1745. Katika makala yake ya mwaka 1749 Euler alionyesha kwamba kila namba isiyo sifuri ina logarithimu zisizo na idadi: namba chanya ina moja tu iliyo halisi, na namba hasi haina hata moja. Basi jibu lategemea namba zipi zimekubaliwa tangu mwanzo.

Hata hivyo, wakati huo fankisheni yenyewe ilielezwa bila kutaja kikoa. Bernoulli mwaka 1718, na Euler mwaka 1748, waliieleza kuwa kiasi kilichoundwa kwa namna yoyote kutokana na kiasi kinachobadilika na viasi visivyobadilika. Dirichlet, mwaka 1837, alianza penginepo: alitaja kwanza mipaka miwili, a na b, kisha akasema kila x iliyo kati yake iwe na y moja tu, hata kama uhusiano huo hauwezi kuandikwa kwa kanuni ya hesabu. Hapo mipaka ilitangulia, kanuni ikafuata.

Neno letu lasaidia kulielewa jambo hili. Kikoa, kwa maana yake ya zamani, ni chakula kiliwacho shirika, kila mmoja akitoa kwa zamu yake. Wenye shirika hujulikana kabla ya chungu kutelekwa. Mpishi hawachagui kwa kutazama mapishi.

Mwanafunzi aandikaye leo kwamba logarithimu ya x kwa kipeo cha pili ni mara mbili ya logarithimu ya x, asiongeze neno, arudia kosa la Bernoulli. Katika namba halisi, fankisheni ya kwanza hupokea kila namba isipokuwa sifuri. Ya pili hupokea namba chanya tu. Weka -3: ya kwanza yatoa logarithimu ya 9, ya pili haina jibu. Kanuni zafanana, lakini vikoa ni viwili. Kwa hiyo fankisheni nazo ni mbili.