Jina Moja, Watu Wengi: Wahawaii katika Hesabu za Afya za Marekani

Katika mwaka wa 1977 serikali ya Marekani ilitoa agizo la kuwagawa raia katika mafungu machache ya rangi na asili. Fungu moja, "Waasia au Watu wa Visiwa vya Pasifiki", lilimweka Mjapani pamoja na Mhawaii wa asili, watu wasiohusiana kwa lugha wala kwa historia. Huko Hawaii, ambako madaftari ya vifo yalitaja asili ya kila mtu, ilikwisha julikana kwamba Wajapani na Wachina huishi miaka mingi, hali Wahawaii wenyewe hufa mapema, hasa kwa maradhi ya moyo na kisukari. Lakini wastani wa fungu zima ulionyesha watu wenye siha, maana Waasia walikuwa wengi mno. (Wastani nao una hila zake.) Mwenye kusoma hesabu hizo pekee hakumwona mgonjwa. Wahawaii wakadai watengwe, na Oktoba 1997 wakapewa fungu pamoja na Wasamoa na Wachamoru. "Waasia", Mhmong na Mjapani pamoja, wakabaki jina moja, hata agizo la 2024 lilipozitaka idara ziulize pia asili zilizomo ndani ya kila fungu.