Maili za ndege kwa kununua viatu: nani analipa?

Najua nimepotea wiki tatu, ila mnajua wenyewe wiki za test zinavyokuwa. Leo vumbi la Kikuyu limetulia kidogo, bando lipo, basi tuongee.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya wanachuo hapa Dodoma. Unasema hivi: lipa kiingilio, jiunge, halafu kila ukinunua kitu mtandaoni unapata maili za ndege, na ukileta wenzako wawili maili zinaongezeka. Rafiki yangu mmoja kwao ni Bukoba. Anayejua basi la kutoka hapa hadi Bukoba anajua mgongo unavyokoma. Yeye alishatenga hela ya kiingilio kwenye boom, anasubiri tu kutuma. Wengine wakamwambia huo ni utapeli mtupu, hakuna kitu kama maili za ndege kwa kununua viatu. Kimbweta kizima kikagawanyika.

Sasa kinachochanganya ni kwamba wote wana haki kidogo. Maili za ndege kwa kununua viatu zipo, tena zipo siku nyingi. Kwa kuwa mie ndiye mtu wa historia kwenye kijiwe chetu, nikaachiwa kazi ya kueleza. Swali nililoanza nalo ni moja tu: hiyo ndege ya bure, nani anailipia?

Asili yake wala si ndege, ni stempu. Mwaka 1896 kule Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuuzia maduka stempu za kijani. Ukinunua unga na sukari, mwenye duka anakupa stempu kulingana na hela uliyotumia, unazibandika kwenye kitabu, kitabu kikijaa unakwenda kuchukua sufuria au taa. Angalieni hapo: sufuria haikutoka mbinguni. Mwenye duka alinunua zile stempu, na bei yake akaiingiza kwenye unga. Shikeni hilo, maana mengine yote yanafuata njia hiyohiyo.

Ndege zikaja baadaye. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliachia biashara ya usafiri wa anga, mashirika yakaruhusiwa kupanga nauli na njia yenyewe, na vita ya abiria ikaanza. American Airlines walikuwa na mtambo wa kompyuta wa kukatia tiketi uitwao Sabre, ambao uliwawezesha kujua nani anasafiri nao mara kwa mara. Tarehe 1 Mei 1981 wakatangaza mpango wao wa AAdvantage: ruka nasi, tunakuhesabia maili, zikifika kiasi fulani unapata tiketi. United wakafuata ndani ya siku chache tu. Wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Ndege ikiondoka na viti vitupu, viti vile havitauzwa tena kesho, kama nyanya zilizooza Sabasaba. Kumpa mteja wako kiti kilichokuwa kibaki kitupu hakukugharimu sana.

Mambo yaligeuka mwaka 1987, pale benki ya Citibank ilipotoa kadi ya mkopo iliyomlimbikizia mteja maili za American kwa kila dola anayotumia. Si kwa kuruka, kwa kutumia! Benki ilinunua maili kutoka kwa shirika la ndege kwa hela taslimu, ikazigawa kwa wateja wake. Yaani tangu hapo shirika la ndege likawa na bidhaa mbili: viti, na ahadi za viti. Na ahadi, wadau, haili mafuta wala haihitaji rubani. Mwaka 2005 jarida la The Economist lilipiga hesabu likasema maili zote ambazo hazijatumika duniani zina thamani kubwa kuliko noti zote za dola zilizokuwa mikononi mwa watu. Sarafu kubwa hivyo, na haina benki kuu!

Watu nao si wajinga. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aliona kampuni ya chakula ya Healthy Choice inatoa maili kwa nembo za bidhaa zake. Akapiga hesabu, akaona vikopo vya pudingi ndivyo rahisi kuliko vyote. Akanunua vikopo 12,150 kwa dola kama 3,140 hivi. Kubandua nembo zote hizo peke yake asingeweza, akawapa Jeshi la Wokovu pudingi bure, wao wakambandulia. Akaondoka na maili zaidi ya milioni 1.2. Kisa chake kikachochea hata sinema, Punch-Drunk Love ya mwaka 2002.

Kingine ndicho ninachokipenda zaidi, maana kinahusu mtandao kabisa. Kuanzia 2008 mamlaka ya Marekani inayotengeneza sarafu ilitaka wananchi watumie sarafu za dola moja, ikawa inaziuza kupitia tovuti yake kwa bei ileile ya dola moja, na usafirishaji bure. Wajanja wakazinunua kwa kadi za mkopo zinazotoa maili, wakapokea maboksi nyumbani, wakapeleka zilezile sarafu benki, wakalipia deni la kadi. Hela ikazunguka ikarudi ilikotoka, maili zikabaki. Mwaka 2011 wakakataza kuzinunua kwa kadi za mkopo. Hapo aliyelipa ni nani? Mlipakodi wa Marekani, ndiye aliyegharamia posta.

Haya, tufike kwenye viatu. Ili duka la mtandaoni likupe maili, lazima lijue umetoka wapi. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kile kinachoitwa kuki, alama ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye kompyuta yako ili ikukumbuke. Mwaka 1996 Amazon wakaanza kuwalipa kamisheni wenye tovuti wanaowaletea wateja. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata dalali wa kidijitali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Netcentives ilikuwa na mpango wa ClickRewards, unanunua mtandaoni unapata pointi za kugeuza kuwa maili. Ilipofika 2001, kipindi kile kampuni za intaneti zinadondoka kama maembe, Netcentives nayo ikafilisika. Ila wazo halikufa. Mashirika ya ndege yenyewe yakawa na milango yao ya manunuzi: unaingia kwenye tovuti ya shirika, unabofya jina la duka, unanunua kama kawaida, maili zinaingia baada ya siku kadhaa.

Hesabu yake iko hivi (namba hizi ni za mfano, nimeziweka ili tuelewane). Unanunua viatu vya dola 50. Duka linamlipa dalali asilimia 6, yaani dola 3. Wewe unaahidiwa maili 2 kwa kila dola, jumla maili 100. Kama shirika linauza maili moja kwa senti moja na nusu, maili zako zimenunuliwa kwa dola 1.50, na dola 1.50 nyingine imebaki kwa dalali. Kila mtu kapata chake. Dola 3 zimetoka kwenye faida ya duka, na duka si mama yako, limeshaziweka kwenye bei.

Sasa tuseme tiketi inataka maili 15,000. Kwa maili 2 kwa dola, unatakiwa ununue vitu vya dola 7,500. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 18,750,000. Hela ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa kiwango hicho ni siku 1,875 bila kula wala kulala ndani, zaidi ya miaka mitano. Digrii imeisha, umeanza nyingine, bado hujaiona Bukoba.

Kwa hiyo maili za kununua ni bakshishi kwa mtu ambaye tayari ananunua vingi na analipa kwa kadi. Na bakshishi hiyo ina mwenyewe anayeilipia. Mwaka 2010 wachumi wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walikadiria kwamba, kwa sababu maduka yanaingiza ada za kadi kwenye bei ya wote, kaya inayolipa kwa hela taslimu inapoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka, na kaya inayotumia kadi za mkopo inapata wastani wa dola 1,133. Ni kama kule nyuma kwenye unga na stempu, isipokuwa safari hii kuna wanaonunua unga bila kupewa stempu, na wengi wao ni wa kipato cha chini.

Halafu kuna jambo la nani anashika kisu. Maili ni deni lisilo na bei maalumu. Mwaka 2015 Delta waliondoa jedwali lililokuwa linaonyesha tiketi ipi ni maili ngapi, kwa hiyo aliyekusanya miaka mitano hakuwa tena na namba ya kuilenga. Lakini kwa wenye shirika maili ni dhahabu. Corona ilipoangusha usafiri wa anga mwaka 2020, United waliweka mpango wao wa maili rehani kupata mkopo wa mabilioni ya dola. Mpango ule ulithaminiwa kwa karibu dola bilioni 22, kuliko thamani ya hisa zote za shirika lenyewe wakati ule. Yaani ndege, ofisi na jina vyote pamoja, bado daftari la madeni ya viti ni ghali zaidi! Niliposoma nilirudia mara mbili.

Mkishayajua hayo, ule ujumbe wa kwenye grupu unajieleza wenyewe. Katika mipango yote niliyoitaja hakuna hata mmoja ambao mnunuzi wa kawaida analipa kiingilio ili apate maili za viatu. Hela inatoka dukani kwenda kwa dalali, kisha kwenda kwa shirika la ndege. Ujumbe ule hautaji shirika la ndege, hautaji duka, unataja wenzako wawili tu. Mlipaji ni wewe na hao wawili. Wakubwa zetu wanaikumbuka DECI, ile ya kupanda na kuvuna, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Rafiki yangu nilimwambia hayo yote. Boom lake bado analo, ingawa amenuna.

Sasa mtauliza, kwetu huku maili zilifikaje? Zilikuja na ndege kwanza, kama zilivyo ndege zenyewe. Kenya Airways ilipobinafsishwa mwaka 1996, KLM walichukua asilimia 26, na wasafiri wa KQ wakajikuta kwenye daftari la Waholanzi. Mwaka 2005 KLM na Air France wakaunganisha mipango yao ikawa Flying Blue, KQ wakiwemo, na baadaye KQ wakatoka na mpango wao wenyewe, Asante Rewards. Huku kwetu Precision Air wakawa na Paa Royal. Hiyo yote ni maili za kuruka. Za kununua viatu hazikushika mizizi, na sababu haihitaji profesa. Mtu wa Kikuyu ananunua viatu kwa kuona picha ya muuzaji wa Kariakoo, anatuma hela kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, anaufuata stendi Nzuguni. Hakuna kadi, hakuna kuki, hakuna dalali wa kidijitali wa kukata asilimia 6. Jumia walijaribu duka kubwa la mtandaoni Tanzania, wakafunga Novemba 2019.

Maduka makubwa ya kawaida yalikuwa na kadi za pointi. Nakumatt ya Kenya, iliyofika Moshi mwaka 2011 na kuchukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, ilikuwa na Smart Card yake. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ya kuifunga kabisa. Ukiwa na pointi kwenye duka lililokufa, una kipande kizuri cha plastiki.

Kilichoshika kwetu ni simu. Safaricom walileta Bonga Points mwaka 2007, unapata pointi kwa kuongea tu, na Wakenya wakazipenda kwelikweli. Lakini jambo ambalo naona hatulisimulii vya kutosha lilitokea hapahapa Tanzania. Hela zote tunazoweka kwenye simu zinakaa benki kwenye akaunti maalumu ya dhamana, na zinazaa riba. Ile riba ni ya nani? Mwaka 2014 Tigo Pesa, kwa ruhusa ya Benki Kuu, walianza kuwagawia wateja wenyewe, wakianza na zaidi ya dola milioni 8 kwa watumiaji wapatao milioni 3.5, kisha wakaendelea kila robo mwaka. Haikuwa maili wala pointi wala stempu, ilikuwa shilingi, unaitoa kwa wakala au unanunulia vocha. Tangu mwishoni mwa 2024 huduma ile inaitwa Mixx by Yas, jina ambalo bibi yangu amekataa katakata kulitamka. Kwake bado ni Tigo, na anakumbuka vizuri siku simu ilipolia akakuta ameingiziwa elfu na kitu ambazo hakumdai mtu.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita. Tukijaliwa wiki ijayo.